Tulienda Lubudi kuuliza kwa nini samaki wetu walikufa

Wamama wapendwa, mnaofuata ukurasa huu mnakumbuka kwamba mwezi wa nane tuliwaandikia habari za beseni letu la saruji nyuma ya shule, tena kwa maneno ya kujisifu. Tulisema kabla ya Noeli kila mama aliyetoa mchango atakula bukari kwa samaki wetu wenyewe. Baadaye mlituuliza habari, nasi tukazungusha maneno. Leo tunasema wazi: samaki wale wote walikufa. Walikuwa mia mbili, na iliwachukua siku nne tu.

Walinunuliwa kwa feza ya likelemba, na sehemu kubwa ya feza ile ilikuwa ya mama mmoja mjane wa kundi letu. Zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika, naye akasema, "Muweke yangu mu samaki, nitaikamata mwaka kesho wakati binti yangu atalipa Egzamini ya Serikali." Tuliiweka. Samaki walipoanza kuelea tumbo juu, hakutukana mtu. Alikuja kila asubuhi kabla ya soko, akawaokota kwa kikapu, akaenda zake. Sisi waalimu tungependelea atutukane.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi tuliondoka watatu, waalimu wawili pamoja na mama mjane mwenyewe, kwenda Lubudi kwa mama mmoja ambaye tulisikia kwamba watoto wa samaki wake hawafi.

Tulipanda gari Kolwezi saa kumi na moja alfajiri. Mpaka Fungurume njia ni ya malori, na nyinyi nyote mnaijua: malori ya shaba na kobalti yamejipanga kama mchwa, vumbi jekundu linaingia hata ndani ya mkate. Tenke tulinunua karanga. Ni hapo reli inapogawanyika, mkono mmoja kuja kwetu Kolwezi na kuendelea Dilolo mpaka Angola, mkono mwingine kupanda kaskazini kwenda Lubudi, Bukama, Kamina na mbali zaidi mpaka Ilebo. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu siku zile samaki wakavu wa maziwa ya Upemba na Kisale wameteremka kwa njia ile kuja kulisha watu wa migodi. Mama mmoja mzee ndani ya gari alitusimulia kwamba utotoni mwake gari la moshi lilijulikana kwa harufu kabla ya kuonekana. Siku hizi ndani ya sufuria zetu tunakuta zaidi tomsoni wa friji, aliyetoka baharini asikojua mtu.

Lubudi si Kolwezi. Mji ule ulikua juu ya jiwe la chokaa. Kiwanda cha saruji ni cha tangu wakati wa wakoloni, na karibu nacho vumbi linageuka kutoka wekundu kuwa kijivu, linakaa juu ya majani ya maembe kama unga. Mto Lubudi unapita hapo ukielekea Lualaba. Tulifika jua likiwa kali, ile joto nzito inayotangulia mvua za kwanza, viatu vyetu vyeupe kama vya waokaji mikate.

"Karibuni bamama. Mulifika muzuri?" Mwenyeji wetu ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo. Hakutupeleka kwenye samaki. Alitupa kiti, akaweka birika juu ya makaa, akauliza habari za watoto wa kila mmoja wetu. Alipofunua birika lile kuongeza maji, tuliona ndani yake ganda jeupe, gumu, nene kama ganda la yai. Mwalimu mwenzetu alinong'ona kwamba mama huyu hasuguwi vyombo. Tunamwomba msamaha hapa kwa maandishi, maana ganda lile lilikuja kuwa nusu ya somo.

Nyuma ya nyumba ana mabeseni matatu, ya zamani, kingo zimeota kuvu. Baba yake, alituambia, alijifunza samaki wakati wa Wabelgiji. Kweli, miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilisukuma sana mabwawa ya samaki huku Katanga. Kituo cha uchunguzi kilikuwa Kipopo, karibu na Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Élisabethville. Hapo walifuga pamoja tilapia wa aina mbili za kwetu: mmoja anakula uoto mdogo wa majini, mwingine anakula majani. Baada ya Uhuru mabwawa mengi yalirudi kuwa matope. Baba wa mama huyu aliendelea peke yake.

Huyu wa majani ndiye mpende, na ndiye aliyetupeleka Lubudi. Tilapia wengi mnaowajua, mama anachukua mayai kinywani na kuyatunza humo mpaka watoto waweze kuogelea. Mpende hafanyi hivyo. Mume na mke wanachimba shimo chini, mke anataga mayai kwa mamia, hata elfu kadhaa, halafu wote wawili wanakaa hapo. Tuliinama juu ya beseni la pili mwenyeji akisema kwa sauti ya chini tusiwashitue. Mmoja alikuwa juu ya shimo akipepea mapezi yake polepole, maji mapya yapite juu ya mayai. Mwingine alizunguka nje kama mlinzi wa usiku. Baadaye wakabadilishana, bila kelele. Mwalimu mwenzetu alisema angependa mume wake aone. Tulicheka, mwenyeji akatunyamazisha kwa mkono.

Mayai yanapasuka baada ya siku tatu hivi, maji yakiwa na joto. Wanaotoka si samaki bado. Ni nyuzi zenye tumbo la njano, zinatikisika chini bila kwenda popote, na chakula chao ni lile tumbo. Wazazi wanawabeba kwa kinywa kutoka shimo hadi shimo, wakihama uchafu. Karibu na mwisho wa juma la kwanza wanainuka wote pamoja, wingu dogo la kijivu, wazazi pembeni.

Hapa tulikumbuka jambo tulilosoma tukiwa ISP. Kuna samaki wa mto Amazon, kule Brazili, anaitwa diskusi, mviringo kama sahani, watu wa Ulaya na Asia wanamfuga ndani ya vioo kwa uzuri wake. Ni wa ukoo mmoja na tilapia zetu. Watoto wa diskusi wakianza kuogelea wanajibandika kwenye ubavu wa mama na baba na kula ute wa ngozi yao, majuma mawili, matatu. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliandika kwamba ute ule unaongezeka protini pamoja na kinga za magonjwa wakati wa kuzaa, na kwamba baada ya majuma kama matatu wazazi wanaanza kuwakimbia watoto, kama vile mama anayeachisha ziwa. Mzazi akichoka anajitikisa, watoto wote wanahamia kwa mwenzake. Anayewafuga akiwaondoa watoto kwa wazazi mapema mno, wengi wanakufa, kwa sababu ni vigumu kupata chakula kidogo kama kile.

Mwenyeji alisikiliza hayo yote mkono shavuni. "Basi ule samaki ananyonyesha," akasema. "Huyu wangu hanyonyeshi. Anachunga tu. Chakula ni juu yangu."

Chakula chenyewe ni maji mabichi, maana yake maji ya kijani. Anaweka mavi makavu ya kuku ndani ya mfuko, anaufunga kwenye kona ya beseni, na baada ya siku kadhaa maji yanakuwa na rangi. Rangi ile ni vidudu na mimea midogo isiyoonekana, na ndiyo uji wa kwanza wa watoto. Kipimo chake ni mkono. Unauingiza mpaka kiwiko: ukiona kiganja waziwazi, chakula ni kidogo, kiganja kikipotea kabla hujafika kiwiko, umezidisha, ondoa mfuko. Sisi tulikuwa tumewapa wetu unga mkavu wa mahindi, viganja viwili asubuhi na viwili jioni, kwa moyo mwema. Alitutazama kama tunavyomtazama mtoto aliyeandika jina lake kinyume. Unga usioliwa unaoza, na kinachooza kinakula hewa ya ndani ya maji. Kiini cha yai kilichochemshwa kinafaa kwa siku za mwanzo, kikikamuliwa ndani ya kitambaa, lakini kiasi cha ukucha tu. Watoto wakifika urefu wa kipande cha kidole ndipo pumba iliyochekechwa, halafu majani laini ya viazi vitamu na mipapai.

Halafu akaanza kutuuliza, na hapo ndipo palipouma.

"Beseni mulijenga lini?"

Mwezi wa saba.

"Na samaki mulitia lini?"

Siku kumi baada ya fundi kumaliza.

Alinyamaza kidogo. Alisema hapa Lubudi mtoto yeyote angetuambia. Saruji mbichi inachoma; fundi asiyevaa glovu mikono yake inapasuka. Saruji mpya inaendelea kutoa ukali wake ndani ya maji majuma mengi. Sisi tuna ngozi, samaki ana matamvua, na matamvua ni nyama tupu, nyembamba kama utando wa kitunguu. Beseni jipya linajazwa maji, linaachwa siku kadhaa, linamwagwa, linajazwa tena, hivyo hivyo kwa mwezi mzima na zaidi. Wenye haraka wanasugua kuta kwa siki kwanza. Sisi tulifundisha ukali na uchachu wa maji darasani, tukachora mistari ubaoni, tukawapa wanafunzi mtihani. Na beseni likajengwa umbali wa hatua ishirini kutoka ubao ule.

"Na maji yanaingia kwa njia gani?"

Mama mjane ndiye aliyejibu. Kwa bomba la shaba. Kipande kizuri kilipatikana kwa mtu anayeuza vyuma vya zamani, tukakifurahia kwa sababu hakioti kutu.

Mwenyeji alishika kichwa.

Wamama, sisi ni watu wa shaba. Kabla ya reli, kabla ya mzungu, mababu walifua misalaba ya shaba ikatumika kama feza, hata kwa mahari. Nusu ya waume zetu wanakula kwa shaba. Lakini shaba ikiyeyuka kidogo tu ndani ya maji ni sumu kwa samaki, na kwa watoto wa samaki ni sumu zaidi. Inashika matamvua, chumvi ya mwili inamtoka samaki, anakufa akiwa amezungukwa na maji mazuri ya kuonekana kwa macho. Hapa ndipo lile birika linarudi. Maji ya Lubudi yamepita ndani ya jiwe la chokaa, yamebeba chokaa, ndiyo inayoganda kwenye birika. Maji yenye chokaa nyingi yanapunguza ukali wa shaba kwa samaki, kwa sababu chokaa inakalia nafasi ambayo shaba ingeikalia kwenye matamvua. Maji mepesi hayana ulinzi huo. Birika letu la shule, tumelichungulia tangu turudi, ni safi kabisa ndani. (Diskusi yule wa Amazon, kwa upande wake, amezoea maji mepesi. Maji ya Lubudi yangemharibia mayai. Kila mmoja na kwao.)

Kwa hiyo saruji mbichi, shaba, na unga uliooza juu yake. Mama mjane alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Basi haikuwa mkono wa mtu?" Hatukujua kwamba miezi miwili alikuwa akibeba wazo hilo. Kumbe kuna jirani aliyeacha kumsalimu. Mwenyeji akamwambia, "Hapana, dada. Ni beseni." Akalia, tukakaa naye kimya. Chai ilipoa.

Tulilala hapo. Usiku mwenyeji alitutoa nje tuone jinsi anavyofunika beseni la watoto. Anatumia mifuko ya nyavu ya vitunguu iliyoshonwa pamoja, kwa sababu ya vyura, na ya ndege mdiria anayekuja asubuhi mapema, na ya kereng'ende. Kereng'ende anataga majini, mtoto wake anaishi chini miezi akila watoto wa samaki mmoja mmoja. Tulimwuliza kwa nini asitumie chandarua kuukuu, maana kila nyumba ina kimoja. Alituambia yeye mwenyewe aliwahi kupoteza wingu zima la watoto kwa njia hiyo. Vyandarua tunavyogawiwa kwa ajili ya malaria vina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo hiyo inaua samaki. Hata kikioshwa mara nyingi bado kina dawa. Shikeni neno hili, kwa sababu tunajua wawili kati yenu mmefunika mabwawa yenu kwa vyandarua. Msivifue mtoni pia.

Saa kumi alfajiri alituamsha tena. Ndiyo saa mbaya, alisema. Usiku kucha mimea ya majini inavuta hewa badala ya kutoa, na kabla jua halijachomoza hewa imekwisha. Watoto walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, maelfu ya vidoa. Alichukua kopo la nyanya lililotobolewa chini, akamimina maji ya akiba kutoka juu, urefu wa kichwa chake, yakanyesha kama mvua. Ndoo ya tatu wakaanza kushuka. Anafanya hivyo kila alfajiri ya siku za joto, peke yake, na mchana anauza sokoni. Tulimwuliza analala saa ngapi. Hakujibu, akatupa kopo tuendelee.

Kuhusu bei: alikataa kutuuzia watoto, akisema wadogo vile hawatafika Kolwezi. Alitupa wakubwa kidogo wanane, vijana walio karibu kuzaa, wachague wenyewe wenzi wao, kwa sababu mpende aliyeozeshwa kwa nguvu anapigana mpaka kufa. Feza alikataa. Alimwambia mama mjane amletee watoto hamsini siku wake watakapozaliana, awape kundi la wamama wengine upande wa Bukama. Hakuwalisha samaki siku nzima kabla ya safari ili wasichafue maji. Tuliwasafirisha katika bidoni mbili zilizokatwa juu, maji nusu tu, zimefunikwa kitambaa kilicholowa, tukaondoka gizani kukwepa jua. Pale Fungurume msongamano wa malori ulitushika saa tatu nzima. Tulipepea, tukamimina maji kwa kopo, dereva akitukasirikia kwa kulowesha viti. Wawili walikufa hapo.

Beseni letu, kwa aibu, hatukuwa tumeligusa tangu mwezi wa nane. Lilikuwa bado na maji yale yale yenye kijani kibaya. Tulilimwaga, tukalisugua, tukalijaza na kulimwaga mara nne zaidi, tukatandika mchanga wa mto chini, tukaweka mawe mawili ya chokaa aliyotupa mwenyeji. Bomba la shaba mama mjane alilikata mwenyewe kwa msumeno, akaliuza. Sasa maji tunachota kwa ndoo ya plastiki, na wanafunzi wa darasa la sita wana zamu.

Majuma matatu yakapita bila kitu. Halafu asubuhi moja mtoto wa zamu alikuja mbio hadi mlangoni, hata kubisha hakubisha: "Mwalimu, banachimba shimo!"

Leo tunapoandika, watoto wana siku tisa. Wameinuka kutoka chini juzi. Hatuwahesabu, kwa sababu hawahesabiki, wanakwenda kama moshi. Baba yao alimuuma kidole mwalimu mwenzetu. Mvua zimeanza, nyavu za vitunguu zimeshonwa na wamama wa kundi la Jumamosi, tunawashukuru. Mama mjane anakuja saa kumi alfajiri na kopo lake la nyanya, na binti yake anakuja naye, anashika taa kwa mkono mmoja na daftari la masomo kwa mkono mwingine. Jana tulimkuta mama ameingiza mkono majini mpaka kiwiko, akitazama kiganja.

"Bado ninakiona," akasema. "Mulete mavi ya kuku."